Rudi Ukamchukue Glody

Alhamisi ile mchana Emérance aliomba ruhusa kazini, akasema kichwa kinamuuma, akarudi nyumbani kwao Kikula, mtaa wa Likasi, kuangalia televisheni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na watu wawili Beira, kule Msumbiji, na kimbunga kilikuwa kinawaendea.

Wa kwanza alikuwa Hervé Kalenga, mwanaume aliyempenda kwa miaka mitatu. Wa pili alikuwa Glody, mdogo wake wa tumbo moja. Wote wawili walikuwa madereva wa malori. Kila safari walipakia shaba kwenye migodi ya Kakanda, wakavuka Zambia na Zimbabwe, wakaishusha kwenye bandari ya Beira, wakarudi wamechoka na wembamba, ndevu zimewajaa, kila mmoja na stori zake.

Likasi kulikuwa na jua. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekauka kwenye mabati, na jirani alikuwa ameanika shuka zake. Ndani, kwenye televisheni ya baba, lilizunguka wingu jeupe la mviringo lenye tundu katikati, kubwa kuliko nchi iliyokuwa mbele yake. Mtangazaji wa Kifaransa alionyesha kwa kidole. Hapa ni bahari, hapa ni Beira, na usiku huu vitakutana.

"Inatembea pole pole," alisema baba yake, mzee Joachim, kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amefanya kazi kiwandani maisha yake yote, na sasa alikuwa mtu wa kukaa.

"Inatembea pole pole juu ni kubwa," alijibu mama yake, Mamu Simone. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. "Kintu kikubwa haina haraka. Minye nilisema nini mu hii nyumba? Nilisema huyu muntu wenu ataniletea kilio. Njo hii sasa."

"Mamu, Hervé hakuita mupepo."

"Aliita mutoto wangu! Glody alikuwa anauza simu zake ku soko, anarudi kila siku, anakula bukari yake hapa. Nani alimufundisha barabara?"

Ilikuwa kweli kwamba Hervé ndiye aliyempeleka Glody kwa tajiri wa malori. Ila Glody ndiye aliyemwomba, tena kwa machozi, na Mamu Simone alilijua hilo vizuri sana.

Mama huyu hakuwahi kumpokea Hervé kwa uso wa furaha. Yeye na mumewe walikuwa watu wa Kasai, na ukoo wa Hervé ulikuwa wa hapahapa. Kati ya watu hao kulikuwa na mambo ya zamani ya kufukuzana ambayo Likasi hayasemwi kwa sauti. Mara ya kwanza Hervé alipokuja kujitambulisha, ameshika viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope, Mamu Simone alimwacha akae sebuleni saa nzima bila hata glasi ya maji. Mara ya pili alimwambia Emérance mbele yake: "Huyu atakuoa kisha utaolewa na dirisha, utakuwa unaangalia barabara." Hervé alicheka tu. Alikuwa na kicheko kizito cha kutoka tumboni, na alipomtazama Emérance baada ya kucheka, macho yake yalikaa juu yake kwa utulivu, kama mtu aliyefika kwake.

Walikutana kwenye mizani ya malori, mahali Emérance alipokuwa karani. Kazi yake ilikuwa kuandika uzito wa kila lori linalopita. Siku ya tatu Hervé alipanda mizani, akashuka, akamwambia: "Dada, pima tena. Leo niko muzito, juu niko na wewe mu roho." Maneno ya kijinga. Emérance alicheka hadi akaharibu karatasi.

Saa tisa na dakika chache simu yake ililia.

"Emé."

"Hervé! Uko wapi?"

"Niko Inchope. Niko mbali na bahari, saa mbili za barabara. Huku kuko mvula tu. Usilie. Unalia?"

"Silii," alisema Emérance, na machozi yalikuwa yamefika shingoni. Aliangalia televisheni, akaitafuta Inchope, haikuwepo. Alifurahi kwamba haikuwepo. "Na Glody? Nipatie Glody."

Mvua ilisikika ikipiga bati la kichwa cha lori.

"Glody alibakia, Emé."

"Alibakia wapi?"

"Ku port. Motokari yake haikushushwa, foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia, acha hiyo motokari, panda mu yangu, twende. Akakatala. Akasema patron, tajiri yetu, atamufukuza. Tangu asubui simu yake haiiti. Niko natafuta muntu wa kule aniangalilie kama..."

Mkono wa Mamu Simone ulipita juu ya bega la binti yake na kuichukua simu. Alibonyeza sauti itoke nje, nyumba yote isikie.

"Hervé."

"Yambo, Mama."

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Mama, iko Beira, ku port. Kuko nyumba za matofali kule, bantu banajificha muzuri, na..."

"Weye uko wapi?"

"Inchope, Mama."

"Sasa weye uko pakavu, na mutoto wangu iko mbele ya mayi. Ni vile?"

Hervé hakujibu.

"Nakuuliza. Ni vile?"

"Ni vile, Mama."

"Sikiliza muzuri, minye sitasema mara mbili. Siku utarudi Likasi bila Glody, usinionyeshe uso. Na huyu binti utamusahau. Hata nikifwa, nitaacha neno kwamba usimuoe. Umenisikia?"

"Simone," alisema mzee Joachim, "kule kuko hatari. Banasema bantu bote batoke. Yee anarudi kufanya nini?"

"Nyamaza, Joachim."

Akanyamaza. Alikuwa na mazoea.

"Mama," ilisema sauti ya Hervé, taratibu, bila hasira, "nipatie Emérance."

Mamu Simone alimnyooshea binti yake simu, lakini sauti hakuizima. Akasimama mbele yake, karibu kabisa, akimkazia macho.

"Emé, uko nasikia?"

"Nasikia."

"Minye naweza kufungua trela hapa, nirudi na kichwa tu. Bila mzigo inakimbia. Nikitoka sasa, saa kumi na moja niko Beira, namupakia Glody, tunatoka mbele ya mupepo kufika. Inawezekana. Naona inawezekana. Lakini huku bote banakimbia, hakuna hata moja anarudi, na roho yangu inanikatalia." Alivuta pumzi. "Weye sema. Ukisema nibakie, nabakia, na mama yako nitamuvumilia. Ukisema nirudi, narudi. Sitakuuliza tena."

Baadaye, kwa miezi, Emérance angejaribu kujidanganya kwamba pale hakufikiri kitu, kwamba maneno yalimponyoka. Haikuwa hivyo. Alifikiri, na alifikiri vizuri. Alimwona Glody, ndiyo, akiwa na miaka minne, akilala mgongoni mwake. Lakini alimwona pia Hervé akiingia kwenye ua ule, mkono begani mwa Glody, na mama yake akipiga magoti vumbini kumshukuru. Aliona mlango uliokuwa umefungwa miaka mitatu ukifunguka kwa siku moja. Aliona harusi.

Na nyuma ya bega la mama yake aliliona wingu jeupe, linazunguka.

"Rudi," alisema. "Rudi ukamchukue Glody."

Upande wa pili mvua ilipiga bati.

"Bon," alisema Hervé. "Njo vile. Nakupenda, Emé."

Alikata kabla hajajibiwa.

Mamu Simone alishusha mikono. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea, akaenda jikoni akarudi na chai, akaiweka mbele ya binti yake, kikombe na kisahani. "Uko mutoto muzuri," alimwambia. "Damu ni damu."

Emérance hakuigusa ile chai. Baada ya dakika arobaini moyo ulimgeuka. Alishtuka kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha mtoto karibu na moto. Alipiga simu. Haikuita. Akaandika kwa WhatsApp: *Usiende. Geuka. Nisamehe, geuka. Glody atajificha.* Alama moja ya kijivu ilitokea pembeni ya ujumbe. Moja tu. Alikaa akiisubiri ya pili hadi jua likazama, na kwenye televisheni wingu likagusa ule mstari wa pwani na kuufunika.

*

Ijumaa saa nne asubuhi simu ya Mamu Simone ililia, namba ya kigeni.

Ilikuwa Glody.

"Mamu, niko Chimoio! Niko muzima! Simu yangu iliingia mayi tangu jana, niko napigia ku simu ya Evariste, dereva mwenzetu."

Mamu Simone alipiga kelele iliyotoa majirani nyumbani kwao. Aliimba, akajitupa chini, akasimama, akacheza na kitambaa cha kichwa mkononi, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Mvidi Mukulu! Mvidi Mukulu wangu!" Wanawake wakaingia wakaimba naye. Emérance aliing'ang'ania simu akaipata.

"Glody, Hervé yuko na wewe?"

"Hervé? Hervé alitoka mbele yangu, Yaya, dada yangu. Iko Inchope. Kwani haiko Inchope?"

Hakuwa Inchope. Trela lake lilikuwepo, limeegeshwa vizuri kando ya barabara, magurudumu yamewekewa mawe. Kichwa hakikuwepo. Beira haikupokea simu siku ile, wala kesho yake, wala siku tatu zilizofuata. Kwenye televisheni walionyesha mji kutoka angani, paa zimechunwa, na maji ya rangi ya chai yakienda hadi mwisho wa macho. Emérance alitazama kila paa, na kila mtu aliyekaa juu ya paa, akipeleka uso karibu na kioo hadi picha ikawa madoa tu.

Siku ya sita walikipata kichwa cha lori kabla ya kufika Dondo, njiani kwenda Beira, kimelala ubavu ndani ya bonde ambalo mto uliligeuza ziwa. Hervé alikuwa ndani. Barabara ilikuwa imekatika sehemu nne, hakukuwa na njia ya kumleta. Madereva wenzake watatu walimzika hukohuko, wakapiga picha ya msalaba wa mbao, wakaituma.

Emérance alitoa sanduku lake, akavaa nguo nyeusi. Mama yake alimkuta mbele ya kioo.

"Vua."

"Mamu..."

"Vua hiyo. Unalilia nani na nyeusi? Alikutolea mahari? Alikupeleka kanisani? Weye si mujane, weye ni binti ya bantu. Mujane ni muke ya muntu. Ukitoka na hiyo nguo, nani atakuoa kisha?" Alimfungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kwa vidole vya mama vyenye subira. "Na usikie muzuri. Bantu bakiuliza, ni patron njo alimurudisha Hervé. Juu ya motokari yake. Umesikia? Ni patron."

*

Glody aliingia Likasi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mamu Simone alikuwa amelipia misa ya shukrani, akachinja kuku, akaalika majirani. Glody alikaa katikati ya meza, amekonda, shati jipya likimning'inia. Alijua Hervé amekufa. Alijua, kama mtaa wote ulivyojua, kwamba tajiri alimlazimisha kurudi. Alikuwa amelia sana Chimoio, na sasa, baada ya chupa mbili za bia na watu kumshika mabega, alianza kueleza.

"Evariste njo aliniokoa. Alikuya ku foleni saa nane, akasema, Glody, panda, hii motokari haiko mama yako. Nikapanda. Mvula, bandugu! Haukuona hata mukono yako. Bantu bote tuko naenda upande moja, kutoka. Sasa kule mbele ya Nhamatanda tunaona taa moja, inakuya. Inakuya upande wetu, inaenda Beira! Kichwa tu, bila trela, inakimbia, taa ya kushoto imekufwa. Evariste akapiga honi. Akasema, angalia huyu mupumbavu, anaenda kutafuta nini kule, ameacha suruali yake?"

Watu mezani wakacheka.

"Na siye tukacheka," alisema Glody. "Tulicheka hadi..."

Alimwona dada yake. Emérance alikuwa amesimama na sufuria ya sombe mikononi.

"Taa ya kushoto," alisema.

"Ndiyo, Yaya."

"Taa ya kushoto ya Hervé ilikufa tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa anasema ataibadilisha."

Kijiko cha Glody kilianguka.

"Emérance," alisema Mamu Simone kwa sauti ya chini, "peleka sombe ku meza."

"Alikuwa anakuja kukuchukua, Glody. Si patron. Patron hakujua hata kidogo. Alikuwa Inchope, pakavu, akaniuliza mimi: nirudi au nibakie? Mama alikuwa amemwambia bila Glody asinioe. Na mimi nikasema rudi. Mimi. Kwa kinywa hiki."

Kofi la mama yake lilimpata shavuni, sufuria ikaenda chini, mboga ikatapakaa kwenye viatu vya wageni. Majirani walianza kunyanyuka mmoja mmoja, bila kuaga. Mzee Joachim alikuwa akiangalia mikono yake.

"Umenifanya niwe muuaji mbele ya bantu," alisema Mamu Simone, akihema. "Minye, mama yako. Nilikubakishia ndugu, na unanilipa hivi?"

"Ulinibakishia ndugu," alisema Emérance. "Ni kweli, Mamu."

Glody alikuwa ameweka kichwa mezani kati ya sahani.

*

Asubuhi yake, Jumapili, Emérance na Glody walikwenda Kakontwe, kwa mama yake Hervé. Nyumba ya Mama Delphine ilikuwa upande wa machimbo ya chokaa, na vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, juu ya mabati na juu ya majani ya mapapai. Hervé alikuwa mwanawe wa kiume pekee. Wanawake wa matanga walikuwa wamekwisha kuondoka. Walimkuta peke yake uani, anasonga bukari juu ya mbabula ya mkaa.

Aliwaangalia bila kusimama. Emérance alipiga magoti vumbini.

"Mama Delphine, nimekuja kusema kintu."

"Sema."

Akasema yote. Hakumsema mama yake sana. Alisema saa, alisema Inchope, alisema maneno ya Hervé kama yalivyokuwa, na maneno yake mwenyewe kama yalivyokuwa. Mama Delphine hakuacha kusonga. Mwiko ulizunguka na kuzunguka.

"Karibu wiki mbili nilikuwa namulaani patron," alisema mwisho. "Kila asubui. Kumbe namulaani muntu bure." Kisha: "Alikuuliza?"

"Aliniuliza, Mama."

"Alisema roho yake inakatala?"

"Alisema."

"Na weye ulijua ile mupepo iko karibu?"

"Nilijua. Nilikuwa naiangalia ku televizyo."

Mama Delphine aliutoa mwiko, akaupangusa kwenye ukingo wa sufuria. Akamgeukia Glody, aliyekuwa amesimama karibu na ua, kofia mkononi.

"Ni huyu?"

"Ni mimi, Mama," alisema Glody.

"Sogea."

Akasogea. Mama Delphine alisimama, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaangalia viganja. Akamshika shingo. Akampapasa kichwa, masikio, mabega, kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka kutoka mtini, kuona kama amevunjika mahali.

"Hata kikwaruzo hauna," alisema.

"Hapana, Mama."

"Mupepo ilikukuta wapi?"

"Chimoio. Nilikuwa... Nilikuwa nimelala, Mama."

"Haya. Kaa."

Alimpa kiti. Alimnawisha mikono. Alimwekea bukari na samaki kwenye sahani ya bati, akakaa mbele yake. "Kula." Glody alimega tonge, likagoma kushuka. "Kula, nimesema. Niko na mwezi muzima sijapikia mwanaume." Glody akala. Alikula akilia, kamasi na machozi yakiingia mdomoni pamoja na chakula, na Mama Delphine alimwangalia kila tonge hadi sahani ikabaki nyeupe. Akamwongeza.

Emérance alikuwa bado amepiga magoti. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hakuna aliyemwambia asimame, hakuna aliyemsogezea kiti.

"Mama," alisema, "nakuomba musamaha."

"Hapana," alijibu Mama Delphine, bila hasira yoyote, kama mtu anayekataa kununua nyanya. "Nikikusamehe, utaenda kulala. Sitaki ulale." Alimsogezea Glody kikombe cha maji. "Huyu anaweza kurudi hapa kila Jumapili. Atakula. Atanitengenezea paa. Yeye alikuwa amelala. Weye ulikuwa macho, unaona ile kintu inakuya, na ukamutuma ndani. Weye usirudi tena mu hii parcelle. Nyanyuka, enda."

Emérance aliangalia upande wa mdogo wake. Glody hakuinua uso. Alikuwa anakula.

Alinyanyuka, akashika ukuta kidogo kwa sababu ya ganzi, akatoka. Barabarani alisimama kumsubiri Glody warudi pamoja. Malori ya chokaa yalipita, moja, jingine, yakamwagia vumbi nyweleni na kwenye nguo yake ya maua ambayo mama yake alimchagulia asubuhi. Alisubiri hadi adhuhuri. Kutoka uani alisikia nyundo juu ya bati, na sauti ya Mama Delphine ikimwelekeza Glody mahali pa kupigilia. Ndipo akaelewa kwamba Glody hatoki leo, akaanza kutembea kurudi mjini peke yake.